Chora daraja, hata kama limepinda

Bango kitita la warsha za mipango halina mgeni. Upande wa kushoto pameandikwa hali ilivyo sasa, upande wa kulia pameandikwa tunakotaka kufika, na katikati pamechorwa mshale. Orodha ya kushoto huwa ndefu, maana shida hazihitaji kutafutwa. Ya kulia nayo huwa ndefu, kwa kuwa kutamani hakuna gharama. Mshale huchorwa kwa nusu sekunde, kisha watu huinuka kwenda kunywa chai. Miezi sita baadaye hakuna kilichofanyika na lawama zote huangushiwa utekelezaji, kana kwamba utekelezaji ni mjumbe aliyekaa viti vya nyuma akasinzia. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kosa lilianzia kwenye ule mshale. Mahali pake pangefaa kuchorwa daraja: daraja la kawaida kabisa, mistari miwili ya kulala na nguzo kadhaa za kusimama, tena lichorwe na wenye mkutano wenyewe na si na fundi wa kukodiwa. Wapo watakaoona hili ni jambo dogo mno la kujaza nafasi gazetini. Lakini mipango ya vijiji, shule, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama hupitia kwenye karatasi hizo kabla ya kupitia mahali pengine popote, na kinachosahauliwa pale huwa vigumu kukumbukwa kwenye bajeti.

Kuandika mkutano kwa picha kulianza kupata sura ya kazi ya kulipwa huko Marekani katika miaka ya 1970. Mmoja wa waasisi wake, David Sibbet, alianzisha kampuni ya The Grove huko San Francisco mwaka 1977, akatumia karatasi pana za ukutani na kalamu za rangi kunasa mawazo ya watu wazima waliovaa suti. Mwaka 2008 Dan Roam alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa biashara kutatua matatizo kwa michoro midogo ya haraka, na mwaka 2012 Mike Rohde akatoa mwongozo kwa wale wanaotaka kuandika madaftari yao kwa maneno na picha pamoja. Leo hii katika makongamano makubwa unaweza kumkuta mchoraji amesimama pembeni ya jukwaa, anasikiliza, anachora, na mwishoni watu wanapanga foleni kuipiga picha kazi yake. Daraja ni miongoni mwa picha za mwanzo ambazo mafundi wa fani hii hupenda kuzifundisha, pamoja na mlima, balbu inayowaka na mtu wa vijiti. Sababu yake ni wazi: ni rahisi kulichora, na kila mtu anajua kazi yake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wazo la kuvuka limeletwa kwetu kwenye mkoba wa mshauri kutoka ng'ambo. Mpango wa mafunzo ya uongozi uliojulikana kwa jina la DELTA, ulioendeshwa Kenya chini ya Kanisa Katoliki katika miaka ya 1970, ndio uliozaa vitabu vya Anne Hope na Sally Timmel vilivyoanza kuchapishwa Zimbabwe mwaka 1984 na kutumika sehemu nyingi za Afrika. Humo mna igizo maarufu la mto, lisilo na maneno. Mistari miwili inachorwa sakafuni kuwa kingo, vipande vya karatasi vinawekwa katikati kuwa mawe ya kukanyagia, na watu wawili wanafika wakiogopa mkondo. Anatokea wa tatu anayejua njia. Wa kwanza anambeba mgongoni hadi katikati, anachoka, anamwacha pale. Wa pili anamshika mkono na kumwonyesha mawe, wanavuka pamoja, na yule aliyebebwa anabaki kisiwani akipunga mikono. Baada ya igizo wanakijiji huulizwa wameona nini, na mjadala huwa mkali kuliko hotuba yoyote ya kujitegemea. Miaka kumi hivi baadaye, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipojaribu mbinu mpya za elimu ya usafi na vyoo Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe, walitumia zana ya picha mbili, moja ya hali mbaya na nyingine ya hali nzuri. Kati ya hizo mbili palikuwa na pengo, na kazi ya kikundi ilikuwa kulijaza kwa picha za hatua za kupitia. Hilo ni daraja, ingawa hawakuliita hivyo.

Pengo ndilo lenye maana kuliko yote. Chukulia kijiji kinachotaka wanafunzi wa shule yake ya msingi wapate chakula cha mchana. Katika karatasi ya mshale, kushoto kutaandikwa kwamba watoto wanasoma na njaa na utoro ni mkubwa, kulia kwamba watoto wote wanakula shuleni, na juu ya mshale maneno mawili matatu: wazazi kuhamasishwa, kamati kujengewa uwezo, uratibu kuimarishwa. Tazama vitenzi hivyo. Vyote vimefichwa mtendaji. Hakuna anayehamasisha, hakuna anayejenga uwezo, na uratibu unaimarika wenyewe kama maziwa yanavyoganda. Lugha hii imekomaa katika warsha zetu kwa sababu mshale unairuhusu. Mshale hauhitaji kushikiliwa na kitu chochote, unaelea tu. Chora daraja badala yake na swali linabadilika papo hapo. Nguzo ya kwanza ni mahindi. Imesimama juu ya nini? Madebe mangapi kwa kila kaya, na yakusanywe lini, wakati wa mavuno au baada ya watu kuuza? Nguzo ya pili ni stoo. Ufunguo anao nani, na panya je? Nguzo ya tatu ni mpishi, na mpishi hali ahadi. Nguzo ya nne ni maji, na mtu mmoja atasema kisima cha shule hukauka Septemba. Hapo nguzo ya nne inabaki ikining'inia hewani bila kugusa chini, na watu wote ukumbini wanaiona. Orodha isingeonyesha hivyo. Katika orodha kipengele cha nne kina herufi za ukubwa uleule kama cha kwanza, na macho hupita juu yake bila kujikwaa.

Ndiyo maana namna ya kulichora daraja ina uzito kuliko uzuri wake. Aanzaye kwa kuchora sakafu ya daraja, yaani ile mistari miwili ya juu, amekwisha kulimaliza kabla ya kazi kuanza. Wengine watakuja kupamba tu. Zianze kingo mbili, pabaki peupe katikati. Ng'ambo ielezwe kwanza, kwa maneno machache yanayoweza kuhakikiwa kwa macho: si lishe bora, bali sahani ya makande kwa kila mtoto saa saba mchana. Kisha ukingo wa huku, na juu yake achorwe anayevuka. Hili husahauliwa sana. Mtu wa vijiti akiwekwa pale, lazima ajulikane ni nani, na mara nyingi hugundulika kwamba kila mjumbe alikuwa akimfikiria mtu tofauti. Halafu mto: ni nini hasa kinachotuzuia, kina chake kiko wapi? Baada ya hapo nguzo, moja baada ya nyingine, na kila moja iwe na jina la mtu na tarehe. Sakafu inalazwa mwisho, tena juu ya nguzo zilizofika chini tu. Daraja likikatika katikati liachwe limekatika. Karatasi yenye daraja lililokatika ni taarifa ya kweli kuhusu mradi, na ina faida kuliko andiko la kurasa arobaini linalodai kila kitu kiko tayari.

Wajenzi wenyewe wanajua kwamba madaraja hayafanani, na mchoraji wa mikutano anaweza kuazima elimu yao kidogo. Daraja la boriti hukaa juu ya nguzo zake na kila nguzo hubeba kipande chake. Linafaa kwa kazi zinazoweza kugawanywa. Daraja la tao ni jambo jingine. Mawe yake huegemeana, halisimami hadi jiwe la katikati liingie, na wakati wote wa ujenzi hushikiliwa na jukwaa la muda la mbao ambalo baadaye huondolewa. Mradi wenye mfadhili ungefaa kuchorwa hivi, jukwaa la mbao likiwa na jina la mfadhili na tarehe ya kuondoka kwake, ili swali la nini kitabaki kimesimama liulizwe siku ya kwanza na lisisubiri siku ya kukabidhi. Daraja la kuning'inia nalo hubebwa na kamba zinazopita juu ya minara na kufungwa kwenye nanga zilizofukiwa kwenye kingo zote mbili. Nanga ya upande mmoja ikilegea, haijalishi ya pili ina nguvu kiasi gani. Halmashauri na wananchi, mwajiri na chama cha wafanyakazi, mahusiano yao ni ya namna hiyo. Na asiyetaka kuchora zaidi ya boriti na nguzo asione haya, hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya mambo ya dunia.

Je, kuna ushahidi kwamba kuchora kunasaidia, au ni mapenzi tu ya watu wanaopenda kalamu za rangi? Upo, na una mpaka wake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, Jeffrey Wammes, Melissa Meade na Myra Fernandes, walichapisha majaribio ambamo watu walipewa maneno ya kawaida, mengine wakaambiwa wayachore na mengine wayaandike tena na tena, kwa sekunde 40 kila neno. Walipoulizwa baadaye wanakumbuka yapi, maneno yaliyochorwa yalikumbukwa kwa wingi zaidi, mara nyingi zaidi ya maradufu. Hata muda ulipopunguzwa hadi sekunde 4 faida ilibaki, na haikutegemea ustadi wa mchoraji. Linalonivutia zaidi ni kwamba watafiti hao walilinganisha kuchora na mbinu nyingine, ikiwamo kuwaza picha kichwani, kuorodhesha sifa za kitu na kutazama picha iliyokwisha chorwa. Kuchora kulizishinda zote. Maelezo yao ni kwamba anayechora hulazimika kufikiria maana ya kitu, kukiona, na kukitengeneza kwa mkono, na njia hizo tatu huacha alama nzito kuliko moja. Ni kweli kwamba walifanya hivyo maabara, kwa maneno mojamoja, na kukumbuka neno si sawa na kukumbuka wajibu wa kupeleka debe la mahindi shuleni. Siwezi kudai kwamba majaribio hayo yanathibitisha lolote kuhusu mikutano ya vijiji. Lakini yanaelekeza upande mmoja, na upande huo hauwapendezi sana wafanyabiashara wa fani hii: anayefaidika na mchoro ni yule aliyeuchora.

Ukikubali hilo, yule fundi wa kukodiwa anayesimama pembeni ya jukwaa anakuwa katika hali ya kuhojiwa. Kazi yake ni nzuri, pengine ni ya kupendeza kweli, na sina nia ya kumnyima riziki. Lakini anayekumbuka kongamano baada ya mwezi ni yeye, maana yeye ndiye aliyesikiliza, akapima lipi linafaa kuingia na lipi liachwe, akalitafutia umbo. Wengine walitazama. Tena, jinsi daraja lake linavyokuwa zuri, lenye kivuli, mawimbi ya buluu na machweo nyuma yake, ndivyo linavyokuwa gumu kusahihishwa. Nani atainuka kwenda kufuta nguzo katika picha ambayo kila mtu ameipigia makofi? Mchoro uliopinda humwalika mtu aseme hapana, hii nguzo haiko hapa. Mchoro uliokamilika humwalika atoe simu apige picha. Na sasa kuna programu za kompyuta zinazotoa picha ya daraja la kifahari kwa sentensi moja ya maelezo. Zitazidisha tatizo hili kwa sababu hazina pengo hata kidogo, zimejaza kila kitu kabla hatujafikiri.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya haya yote ni la heshima. Mtendaji, mzee wa mila, mwalimu mkuu, wote hawa wanaambiwa washike kalamu wachore vijiti kama watoto wa chekechea. Wengi watakataa, na wengine watasema hawajui kuchora. Nadhani aibu hii imetokana na shule, ambako kuchora kuliwekwa kwenye kundi la vipaji, ukiwa nacho unacho na usipokuwa nacho basi, wakati kuandika kuliwekwa kwenye kundi la mambo ambayo kila mtu lazima ayajue hata kwa mwandiko mbaya. Hakuna anayekataa kusaini muhtasari kwa sababu mwandiko wake haupendezi. Mistari miwili na nguzo ni kama saini kwa ugumu, na fundi seremala, mshonaji, mwashi na mhandisi huchora michoro ya namna hiyo kila siku kazini bila kuona wameshuka hadhi. Mwezeshaji mwenye akili ataanza kwa kuchora lake yeye mwenyewe, baya kuliko yote yatakayofuata, na ataacha kalamu mezani. Hata hivyo nakubali kwamba katika baadhi ya vikao mkubwa hataigusa, na mdogo hataigusa kabla ya mkubwa. Hapo bora watu wagawanywe katika makundi madogo, kila kundi na karatasi yake, wakubwa kwa wakubwa na vijana kwa vijana, kisha madaraja yalinganishwe. Tofauti kati ya nguzo za wazee na nguzo za vijana huwa ni somo peke yake.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: picha hazisomwi na watu wote kwa namna moja. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti kutoka Afrika Kusini ambamo watu walionyeshwa mchoro wa mwindaji mwenye mkuki, swala, na tembo mdogo aliyechorwa kuwa mbali kilimani, wakaulizwa mwindaji anamlenga nani. Baadhi ya waliohojiwa, hasa wasiokuwa na elimu ya shule, walisema anamlenga tembo. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalitumiwa kudai kwamba Waafrika hawaoni picha sawasawa, mpaka watafiti wengine walipoeleza kwamba kilichopimwa hakikuwa macho bali mazoea: kuonyesha umbali kwa kudogosha kitu ni kanuni ya kufundishwa, na mchoro wenyewe wa Hudson ulikuwa na utata. Funzo kwa mwezeshaji ni dogo na la maana. Daraja lichorwe kwa ubavu, kama linavyoonekana na mtu aliyekaa ufukoni, na si kwa mtazamo wa kutoka huku likidogoka kuelekea kule. Daraja la ubavu halihitaji kanuni ya umbali. Na zaidi ya hapo, likichorwa mbele ya watu, mstari baada ya mstari huku kila mstari ukisemwa jina lake, hakuna anayebaki akikisia. Kosa la picha nyingi za afya na kilimo zilizoletwa vijijini ni kwamba zilifika zimekwisha chorwa mjini.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu mamlaka, na sioni kama lina jibu jepesi. Kalamu ni moja, na anayeishika ndiye anayeamua ng'ambo iko wapi. David Mosse, akiandika mwaka 1994 kuhusu mradi wa kilimo magharibi mwa India, alionyesha jinsi mazoezi ya kuchora hadharani yalivyoweza kutoa sauti za wenye nguvu na kuzibatiza kuwa sauti ya kijiji kizima, huku wanawake wakiwa nje ya duara, kwa sababu muda, mahali na hata namna ya kuzungumza vilikuwa vya wanaume. Robert Chambers, aliyezieneza mbinu hizi za kushirikisha wananchi kwa michoro ya ardhini, ramani za mawe na ile miduara iliyopewa jina la chapati, alisisitiza kwamba mtaalamu lazima akabidhi kijiti cha kuchorea. Kukabidhi ni sawa, lakini kijiti kikitoka kwa mtaalamu kinaweza kuishia kwa mwenyekiti. Daraja pia lina uongo wake wa asili: linaonyesha kwamba wote tuko ukingo mmoja na wote tunavuka. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016, na magari yanayopita hulipa tozo iliyolalamikiwa miaka mingi hadi ikapunguzwa mwaka 2022. Kwa mwenye gari, mwenye bajaji na mtembea kwa miguu halikuwa daraja lilelile. Mchoro wa mkutano usioonyesha nani analipa ili nani avuke umeficha jambo kubwa kuliko yote uliyoonyesha. Kwa hiyo naongeza sharti: juu ya kila daraja la bango kitita pawekwe kibanda cha tozo, na iandikwe wazi gharama ni kiasi gani na inatoka mfukoni mwa nani, ikiwa ni pamoja na muda wa akina mama watakaopika na kuchota maji bila posho.

Yapo mambo ambayo si ya kuvukwa kabisa, na hapo daraja linapotosha. Mgogoro wa wakulima na wafugaji juu ya malisho na mashamba hauna ng'ambo moja. Kila upande umesimama kwao na una haki ya kubaki kwao. Ukichora daraja pale umeshaamua, bila kusema, kwamba mmoja ahamie kwa mwenzake, na kwa kawaida anayetakiwa kuhama ni mfugaji. Jambo hilo linahitaji ramani: njia za mifugo, visima, mipaka, misimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji wa Tanzania nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao, na upangaji huo hauendi bila kuchora. Vivyo hivyo msiba, matatizo ya imani, ugomvi wa urithi, haya si ya nguzo na tarehe. Mwezeshaji anayebeba picha moja kwenye mkoba na kuibandika kila mahali hana tofauti na yule wa mshale. Nadai tu kwamba penye lengo lililokubaliwa na safari ambayo haijafikiriwa, na mikutano yetu mingi iko hapo, daraja ni chombo chepesi na kigumu kudanganya.

Wapo pia watakaouliza kuhusu kumbukumbu rasmi. Mkutano mkuu wa kijiji unaendeshwa kwa sheria, muhtasari wake huandikwa, na halmashauri haipokei daraja la vijiti kuwa kiambatanisho. Ni sawa, wala haipaswi kupokea. Maneno yana uwezo ambao mchoro hauna: yanaweza kusema isipokuwa, kama, au, kwa masharti kwamba. Mahakamani nguzo si ushahidi. Lakini muhtasari huandikwa na mtu mmoja baada ya kikao, kwa lugha ya kiofisi, na husomwa kikao kijacho huku watu wakisubiri ajenda nyingine. Mchoro hufanya kazi yake kabla ya muhtasari, wakati azimio bado ni laini na linaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye neno. Katibu anayeandika muhtasari akiwa anatazama daraja lenye majina na tarehe atajikuta anaandika sentensi zenye mtendaji. Hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Gharama haizidi karatasi na kalamu, na pasipo na karatasi kijiti na vumbi la uwanja wa shule vinafaa, alimradi mwenye simu aupige picha mchoro kabla mbuzi hawajapita. Waandaaji wa warsha wanaotenga fedha za mchoraji wangefanya vema kuzigawa: kalamu nene kwa kila meza, na saa nzima zaidi katika ratiba, maana kujaza pengo kunachukua muda na hakuna njia ya mkato. Daraja la kilomita 3 lililounganisha Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walitegemea vivuko, lilifunguliwa Juni 2025 baada ya miaka kama mitano ya ujenzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa chini ya sakafu inayoonekana leo, katika maji na udongo wa ziwa. Mkutano unaotaka kuumaliza mradi wake kwa nusu saa kabla ya chakula cha mchana unaomba kisichowezekana. Na karatasi ikishachorwa isikunjwe ikaingia kwenye gari la mradi. Ibandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji au ya mwalimu mkuu, na kila mkutano wa robo mwaka uanze nayo: nguzo iliyosimama itiwe wino mzito, iliyoanguka ifutwe, na aliyeandikwa jina lake chini ya nguzo ya maji aeleze Septemba kisima kilikuwaje.